Picha Zikifutika, Usiitumie Tena Simu

Mwezi huu tunaacha kidogo habari za mitihani ili tuzungumze juu ya jambo ambalo limeliza watu wengi humu kambini, hata sisi walimu wenyewe.

Jioni moja mama mmoja alitujia darasani, simu mkononi, macho mekundu. Mtoto wake mdogo alikuwa akichezea simu, akafuta picha zote zilizokuwa kwenye memori kadi. Kati ya zile picha kulikuwa na moja ya marehemu mume wake, iliyopigwa Goma kabla ya vita kuwatawanya. Hana nyingine. Akasema: "Walimu, ninyi munajua mambo ya kompyuta, tafadhali munisaidie."

Swali letu la kwanza lilikuwa: tangu zifutike, umepiga picha ngapi? Akajibu mbili tu. Tukamwambia azime simu palepale, atoe ile kadi.

Kwa nini tuliuliza hivyo? Fikirini daftari nene lenye orodha ya yaliyomo ukurasa wa mbele. Mtu akifuta jambo kwenye kadi au flashi, kwa kawaida ile mashine haichani kurasa. Inafuta jina kwenye orodha tu, na kusema kurasa zile sasa ni tupu, zinaweza kuandikwa upya. Picha bado imo ndani. Lakini ukipiga picha nyingine, ukipokea video za harusi, ukiweka nyimbo, unaandika juu yake, na hapo hakuna fundi wa kuirudisha. Ndiyo maana tunasema: kitu kikifutika, acha kutumia kadi mara moja.

Kuna programu za bure za kutafuta kurasa hizo. Sisi tunatumia PhotoRec. Wengine wanapenda Recuva, ambayo ni rahisi zaidi kwa anayeanza. Kadi unaichomeka kwenye kompyuta, na vinavyopatikana unaviweka kwenye kompyuta, kamwe si kwenye kadi ileile. PhotoRec hairudishi majina ya faili, kwa hiyo utapata picha mia zenye namba tupu, ukae uzipekue moja moja. Na tuseme ukweli: kama picha ilikuwa kwenye memori ya ndani ya simu za siku hizi, matumaini ni madogo, kwa sababu simu hizo hufunga kila kitu kwa siri. Huko tazama kwanza pipa la takataka la picha. Mara nyingi zinakaa humo siku 30 au zaidi kabla ya kwenda kabisa.

Jambo lingine: flashi ikitoka kwenye kompyuta za watu huko mjini Mbarara, unaweza kuifungua ukakuta faili zako hazipo, zimebaki alama ndogo za njia ya mkato tu. Usiiformati! Mara nyingi ni virusi vimezificha, faili zenyewe zipo. Usibonyeze zile alama, leta tuzifichue.

Sasa tuungame yetu. Miaka michache iliyopita alama zote za wanafunzi wetu, mihula minne, zilikuwa kwenye kompyuta moja. Umeme ulikatika ghafla, ikagoma kuwaka. Tukaifunga kwenye kitambaa, tukapanda nayo takisi hadi Mbarara kwa fundi mmoja. Kesho yake akatupigia simu kwa furaha: kompyuta imepona! Kumbe alikuwa ameweka Windows mpya na kusafisha diski yote. Hakutuuliza, na sisi hatukumwambia. Tulikaa wiki tatu tukikusanya alama kutoka madaftari ya watoto. Wale waliokwisha kuhamia Kampala, au kusafiri kwenda nchi ya tatu, hatukuwapata. Mzazi mmoja alitujia akitaka ripoti ya binti yake ili aonyeshe shule mpya. Tukabaki kuangalia chini. Basi, ukimpa fundi kompyuta, mwambie kwanza: nataka faili zangu, Windows baadaye. Na mwandikie kwenye karatasi.

Lakini dawa hasa si fundi, ni nakala. Wenye kazi hii wana hesabu yao: nakala tatu, kwenye vyombo viwili vya aina tofauti, na moja iwe mbali na nyumba. Kwa familia ya hapa tunaona hivi: moja kwenye simu, moja kwenye flashi isiyotembea tembea, moja kwenye intaneti. Flashi pekee haitoshi, maana nyumba ikiungua au ikiingia maji, vyote vinakwenda pamoja.

Google wanatoa nafasi ya GB 15 bure, na karatasi za familia nzima hazijazi hata kona yake. Ila akaunti isiyofunguliwa miaka miwili wanaweza kuifuta, kwa hiyo ingia mara kwa mara. Ukituma cheti kwa WhatsApp kwa ndugu wa Nairobi akutunzie, kitume kama hati, si kama picha, la sivyo kinapunguzwa mpaka maandishi madogo hayasomeki. Na nakala ya WhatsApp yenyewe hurudi kwa namba ileile ya simu, kwa hiyo laini yako iwe imeandikishwa kwa jina lako. Tangu 2019 mkimbizi nchini Uganda anaweza kuandikisha laini kwa kadi ya mkimbizi au karatasi ya familia inayotolewa na OPM. Laini ya kuazima usiitegemee.

Wengine watasema, HCR na OPM si wana habari zetu zote, walituchukua alama za vidole na macho mwaka 2018? Kweli, lakini diploma yako ya Bukavu haimo mle, wala picha ya bibi. Picha ya diploma haichukui nafasi ya diploma. Hata hivyo ina namba, mwaka na jina la shule, na mtu akianza kufuatilia nakala mpya hapo ndipo anapoanzia. Tahadhari moja: kwenye kompyuta ya kulipia, toka kwenye akaunti yako kabla ya kuinuka, na karatasi za kesi yako usiziache kwenye mashine ya mtu.

Tena, ijaribu nakala yako. Mwaka 1998 kule Marekani, kampuni ya Pixar ilikuwa ikitengeneza filamu ya Toy Story 2. Mtu akaandika amri moja kimakosa, sehemu kubwa ya filamu ikafutika. Nakala za akiba walikuwa nazo, lakini walipozifungua wakakuta zina kasoro, hazikuwa zimejaribiwa. Kilichowaokoa ni mama mmoja, Galyn Susman, aliyekuwa amejifungua na kufanyia kazi nyumbani. Kompyuta yake ilikuwa na nakala. Pixar wenye mabilioni! Basi fungua flashi yako mara moja kwa mwezi, uone kama picha zinafunguka.

Kuhusu yule mama. Kadi yake ilitupa picha 64. Ya mumewe ilikuwa ya mwisho mwisho, nusu ya chini imegeuka kijivu kwa sababu ya zile picha mbili mpya. Uso ulikuwa juu, mzima. Ameichapisha Mbarara mara mbili, moja ya nyumbani na moja ya mtoto wake mkubwa aliyeko Kampala, na flashi yake tumeiandika jina kwa kalamu.

Mwenye shida kama hii atukute darasani Jumamosi asubuhi. Njoo na kadi, na chombo kingine cha kuwekea kitakachopatikana.