Umeme wa Mkunjo Ndani ya Skrini

Ndani ya kila skrini ya LCD, iwe ya simu, ya televisheni au ya kikokotoo, kuna tabaka la kimiminika jembamba mno, mikroni chache tu, lililobanwa kati ya vipande viwili vya kioo. Hicho ni fuwele miminika: kinatiririka, lakini molekuli zake zenye umbo la vijiti zimejipanga zikielekea upande mmoja. Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Prague, aliishangaa hali hii mwaka 1888, alipoona kiwanja alichokitengeneza kikiyeyuka mara mbili. Kwenye nyuzi 145.5 za Selsiasi kilikuwa uji wenye ukungu, na kwenye 178.5 ukungu ukatoweka.

Volteji ikiwekwa, vijiti hugeuka, na mwanga unaopenya kwenye vichujio huongezeka au kupungua. Hivyo ndivyo picha inavyotokea. Lakini vijiti hivyo havijali chanya wala hasi. Nguvu inayovigeuza hufuata mraba wa uga wa umeme, na namba hasi ikizidishwa kwa yenyewe huwa chanya; ukigeuza nyaya, matokeo ni yale yale. Watengenezaji wa skrini wanaifurahia tabia hiyo, kwa sababu umeme wa upande mmoja tu hurundika ioni kwenye kingo za tabaka na kuiharibu skrini. Ndiyo maana mwelekeo wa umeme hugeuzwa kila picha inapochorwa upya, kwa kawaida mara 60 kwa sekunde.

Hasara yake ni kwamba umeme unaweza kuamuru kwenda, hauwezi kuamuru kurudi. Ukiuzima, vijiti hurudi vyenyewe kwa unyumbufu wao, polepole, na skrini haikumbuki chochote.

Mwaka 1969 mwanafizikia wa Marekani Robert B. Meyer alionyesha kwa hesabu kwamba ipo nguvu nyingine. Tuache kuzichukulia molekuli kama vijiti vilivyonyooka. Tuseme zina umbo la parachichi lenye shingo, nene upande mmoja na nyembamba upande wa pili, na kila moja ina chaji chanya kidogo upande mmoja na hasi upande wa pili. Zikiwa sambamba, nusu zitaangalia huku na nusu kule, na chaji zitafutana. Ukizilazimisha zitawanyike, upande mmoja ubanane na mwingine ufunguke, sehemu nene nyingi zaidi zitaelekea penye nafasi. Chaji hazifutani tena, na kimiminika kizima kinapata umeme. Molekuli zilizopinda mfano wa ndizi hufanya vivyo hivyo mpangilio wao ukikunjwa. Kinyume chake pia ni kweli: weka umeme, mpangilio utakunjika. Athari hii huitwa fleksoelektriki, yaani umeme wa mkunjo, na kubwa kuliko yote ni kwamba inafuata uga wenyewe, si mraba wake. Kwa hiyo inatofautisha chanya na hasi.

Ni nguvu ndogo, na kwa miaka mingi wahandisi wengi waliipuuza. Mwaka 1987 Meyer na J. S. Patel walionyesha kwamba fuwele iliyojisokota, helisi yake ikiwa imelazwa sambamba na kioo, hugeuza mhimili wake wa mwanga kwa kasi ya mikrosekunde 100 hivi, ilhali LCD ya kawaida huhitaji milisekunde kadhaa. Kasi hiyo inavutia sana. Tatizo ni kwamba helisi hiyo haipendi kulala. Ukiiachia hujisimamisha, na picha inaharibika. Kwa maoni yangu, ugumu huo wa kuilaza ndio ulioiweka mbinu hii maabarani muda wote huo, wala si udhaifu wa fizikia yake.

Umeme wa mkunjo ulifanikiwa kibiashara kwingine. Katika maabara za utafiti wa ulinzi za Malvern, Uingereza, miaka ya 1990, Guy Bryan-Brown, Carl Brown na Cliff Jones walichonga mifereji midogo, ya kiwango cha mikroni moja, kwenye uso mmoja wa ndani wa skrini. Juu ya mifereji hiyo molekuli zina njia mbili za kutulia. Katika ya kwanza zinasimama kwa mpangilio laini. Katika ya pili zinalala, na mpangilio unavunjika kwenye vilele na mabonde ya mifereji. Hali zote mbili zinadumu bila umeme. Mpigo mfupi wa volteji ya upande mmoja huzisimamisha, na wa upande wa pili huzilaza. Nguvu isiyojua chanya na hasi isingeweza kuchagua namna hiyo. Hapa mkunjo ulioko kando ya mifereji ndio unaopokea amri.

Teknolojia hiyo iliuzwa kama vibao vya bei vya kielektroniki kwenye rafu za maduka, ambavyo skrini zake zilitumia umeme pale tu bei ilipobadilika. Haikuhitaji transista kwenye kila nukta ya skrini, jambo lililopunguza gharama. Baadaye soko hilo lilitekwa na karatasi ya kielektroniki.

Siku hizi umeme wa mkunjo unazungumzwa zaidi kama kero. Ili kuokoa betri, wabunifu wangependa picha isiyosogea ichorwe upya mara chache tu kwa sekunde. Katika skrini ambazo elektrodi zote ziko upande mmoja wa kioo, uga wa umeme huwa umepinda, na fuwele hukunjika nao. Mkunjo wa volteji chanya hautoshani kabisa na ule wa hasi, basi mwangaza wa picha moja unatofautiana kidogo na wa inayofuata. Kwa mara 60 kwa sekunde jicho halishtuki. Ukishuka hadi mara chache tu, skrini inamemeteka. Wakemia wanatafuta michanganyiko ya fuwele yenye umeme mdogo wa mkunjo, na wahandisi wanabadili upana na nafasi za elektrodi ili tofauti hizo zipungue.