Mwanao anasoma nano? Kumbuka kipimo cha malaria

Mwanao yuko mwaka wa kwanza chuoni. Likizo amerudi, anasema wameanza kufundishwa nanoteknolojia. Wewe mlipa ada unajiuliza: hiyo nayo ina kazi?

Mzazi, kumbuka siku ile mwili ulipomchemka mkakimbilia zahanati. Muuguzi alimtoboa kidole, akadondosha damu kwenye kipimo cha haraka, mkasubiri: mstari mmoja au miwili? Wekundu ule, kwa vipimo vingi, ni dhahabu. Chembe zake zikiwa ndogo mno huonekana nyekundu, si njano. Hubebeshwa kingamwili zinazonasa protini ya vimelea vya malaria.

Udogo huo hupimwa kwa nanomita, yaani mita moja ikigawanywa mara bilioni. Vitu vikifikia hapo hubadilika tabia, na hilo ndilo somo lenyewe.

Mhandisi Mtanzania Askwar Hilonga alitumia elimu hiyo kutengeneza chujio la maji, akashinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi mwaka 2015.

Kabla ya kuuliza ajira, mwambie akueleze ule mstari. Akikueleza ukaelewa, ada haijapotea.