Huko Kwenu Imenyesha?

Bibi yangu aliolewa mjini Unguja kutoka Dole, shamba, na mpaka anafariki hakuiacha desturi moja. Mvua ya masika ikiyapiga mabati ya mtaa wetu wa Malindi, vichochoro vikajaa maji na sisi watoto tukatoka kuoga chini ya michirizi ya mapaa, yeye alikaa ndani na tasbihi yake, akasubiri kesho yake. Akipita mchuuzi wa mafenesi na baiskeli kutoka shamba, alimwita mpaka barazani.

“Huko kwenu imenyesha, mwanangu?”

“Imenyesha, bibi, mpaka mabonde yamejaa.”

“Alhamdulillahi. Basi maji tutapata.”

Swali lile lilinishangaza kwa miaka. Mvua imenyesha hapa hapa, nguo zetu zimerowa kambani. Ya Dole yatuhusu nini? Nimekuja kumwelewa ukubwani, nilipoanza kufuatilia habari za maji na misitu ya kisiwa hiki. Mvua inayoanguka Mji Mkongwe huanguka juu ya bati, saruji na lami. Muda si muda imeshaingia baharini, na aliyefaidika nayo ni yule aliyekinga ndoo tu. Maji ya mfereji wa mjini yalianguka kwingine, yakapita kwenye majani, kwenye mizizi na kwenye udongo, ndipo yakateremka huko chini tulikochimba visima. Bibi alilijua hilo kwa kuwa alizaliwa na kukulia shamba.

Unguja haina ziwa kubwa wala mlima wa kukusanya mawingu. Ina mgongo wa ardhi upande wa magharibi, unaofika mita 100 na ushei juu ya bahari pale Masingini, na kutoka hapo kisiwa kinainama taratibu. Wakulima wetu wana majina ya udongo ambayo hata watafiti wa kilimo waliyachukua kama yalivyo: kinongo, ule mwekundu wa kina kirefu unaopendwa na mikarafuu, mchanga, kinamo cha mabondeni, na uwanda, ardhi ya mawe ya matumbawe ya mashariki na kusini, ambako udongo hukaa ndani ya vishimo vya jiwe, kiganja hapa, kiganja pale. Mto kama Mwera ukishuka mpaka kwenye mawe hayo huzama. Mgeni akiuona atadhani umekauka, kumbe umeingia ghalani.

Na ghala lenyewe ni la kushangaza. Chini ya miguu yetu maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa hesabu ya wataalamu, maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yanashuka takriban mita 40. Hesabu hiyo inapendeza mpaka uisome kinyumenyume: tukivuta kwa pampu mpaka maji yakashuka mita 1, chumvi inapata nafasi ya kupanda mita 40 kutoka chini. Ndiyo maana mwenye kisima karibu na pwani anaweza kuamka siku moja akaonja chai akaitema, ilhali kisima hakijapungua hata kidogo kwa macho.

Wazee waliujenga mji huu wakitazama maji yalipo. Mtoni, alikojenga kasri Sultani Sayyid Said na alikozaliwa binti yake, Bibi Salme, mwaka 1844, jina lake linajieleza: mto ulifika pale, na majahazi na manowari zilisimama hapo kuchota maji ya safari. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye aliyeyaleta maji mjini kwa mabomba kutoka chemchemi za upande wa Bububu, na watu wakapumzika na visima vya uani. Tunamsifu kwa mabomba yale, na anastahili. Lakini chemchemi ilikuwa inatoka kwa sababu mgongo ulio juu yake ulikuwa na miti. Msitu wa Masingini umehifadhiwa mpaka leo kwa ajili hiyo hiyo, kulinda vianzio vya maji, na ningependa kila mtoto wa skuli za mjini apelekwe pale angalau mara moja aambiwe kwamba hapa ndipo linapoanzia tangi la kwao.

Mti unafanya nini hasa? Nenda chini ya mshokishoki wa zamani, siku ya pili baada ya mvua, uingize mkono kwenye majani makavu. Ya juu yamekauka. Ya pili yake yamelowa na yamegandana kama kurasa za msahafu wa kale. Chini yake kuna weusi unaonuka vizuri, umejaa vijizizi vyembamba kama nywele na vinyweleo vilivyochimbwa na minyoo na mchwa. Tone la mvua limevunjwa na jani la juu, likavunjwa tena na jani la chini, likafika hapa halina nguvu ya kuchimba chochote, likanywewa. Sasa toka hatua ishirini, simama kwenye kiwanja kilichofyekwa kusubiri matofali. Udongo ule ule wa kinongo umepigwa na mvua mpaka umefanya gome juu kama chapati iliyokaushwa. Maji yamekosa pa kuingilia, yameteleza yakachukua wekundu wote kuelekea bondeni. Wanaopita Kibonde Mzungu wanakumbuka masika yaliyoikata barabara pale, na watu wa Mwanakwerekwe hawahitaji kuhadithiwa mafuriko. Maji yale yale tunayoyaogopa Aprili ndiyo tunayoyalilia Februari.

Kinachoendelea kisiwani kinanitia hofu. Sensa ya 2012 ilihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ya 2022 ikahesabu 1,889,773. Watu hao wanahitaji nyumba, na nyumba zimepanda kutoka Fuoni na Mwera mpaka kwenye mashamba ya viungo. Mchanga wa kujengea umechimbwa Pangatupu, Donge na kwingineko Kaskazini, na palipochimbwa hakuna tena chujio la maji, kuna shimo. Huko uwandani, msitu mfupi unaoota juu ya mawe unakatwa kwa kuni, kwa makaa na kwa tanuri la chokaa. Pwani ya mashariki nako kuna mahoteli: utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria kwamba mtalii mmoja hutumia wastani wa lita 685 kwa siku. Mama wa Jambiani anayebeba dumu la lita 20 angelazimika kwenda kisimani zaidi ya mara 34 kuyafikia maji ya mgeni mmoja.

Juu ya yote hayo kuna mabadiliko ya tabianchi. Bahari inapanda, na mvua haishiki tena miadi yake kama zamani: vuli huja kwa kudokoa, masika nayo huweza kumwaga kwa siku mbili kilichokuwa kikigawiwa kwa wiki mbili. Mvua ya namna hiyo inataka ardhi yenye mdomo mpana.

Tiba yake haihitaji kuletwa na meli. Shamba la asili la Unguja, lile la kina bibi, ndilo wataalamu wanaloliita sasa kilimo msitu. Juu minazi na miembe. Chini yake mishelisheli, michungwa, mifenesi. Chini tena midalasini na mikungumanga. Pilipili manga imepanda mti wa jirani. Hiliki inajificha kivulini. Tangawizi na manjano zinafunika ardhi. Hakuna mwezi ambao shamba hilo halina kitu cha kupeleka sokoni Darajani, na hakuna tone linaloanguka juu ya udongo mtupu. Hasara ya kutegemea mti mmoja tuliijua mapema. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliibwaga sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika, na tangu hapo ufalme wa karafuu ukahamia huko.

Kazi ya kulirudisha shamba hilo inafanyika, na inafanywa zaidi na wanawake. Mradi wa Viungo, uliofadhiliwa na Umoja wa Ulaya na kutekelezwa na mashirika ya Community Forests Pemba, TAMWA Zanzibar na People's Development Forum (PDF), umepita katika shehia za visiwa vyote viwili ukihimiza viungo, mboga na matunda. Ukiingia kwenye kitalu cha kikundi chochote utaikuta picha ile ile: paa la makuti linalopitisha jua kwa vipande, viriba vyeusi vimepangwa kwa safu, na kina mama wamekaa kwenye jamvi wakichanganya udongo wa juu, samadi na mchanga. Mbegu ya mdalasini haitaki kukaa, sharti ioteshwe ingali mbichi. Ya karafuu vivyo hivyo. Mche wa mkarafuu unalelewa kama mtoto wa kwanza, kivulini, ukinyweshwa kidogo kidogo, na baada ya yote hayo utakaa miaka sita au zaidi shambani kabla haujatoa ua la kuchumwa.

Hapo ndipo penye tatizo ambalo mara nyingi halitajwi kwenye semina. Mti wa kusubiriwa miaka sita unaupanda kwenye ardhi ya nani? Kwa mila yetu mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe. Mtu anaweza kuwa na minazi yake kumi ndani ya shamba la mwingine, akairithisha, akaiuza. Kwa sababu hiyo, aliyeazimwa ardhi huruhusiwa muhogo, mahindi, viazi vitamu, vitu vya msimu. Kupanda mti wa kudumu ni sawa na kudai haki, na mwenye ardhi hatakubali. Wengi wanaolima kwa kuazima ni wanawake, na hata aliyerithi, fungu lake mara nyingi hubaki mikononi mwa kaka zake “wakimtunzia”. Tunampa mama huyu miche 50, tunampiga picha, halafu hana pa kuipanda. Nimeiona miche hiyo ikikomaa ndani ya viriba mpaka mizizi ikatoboa plastiki ikajishikia yenyewe uani. Kama kuna jambo moja ambalo masheha, makadhi na maofisa wa ardhi wangelimaliza mwaka huu, ningechagua hili: hati fupi ya maandishi, yenye mashahidi, inayompa aliyeazima haki ya miti yake kwa miaka maalumu bila kumnyang'anya mwenye ardhi chake.

Ulinzi wa pamoja nao tunao tangu zamani. Katika vijiji vya kusini na kaskazini palikuwa na wavyale, walinzi wa ardhi na mizimu, na bila idhini yao mtu hakufyeka pori. Sheria ya misitu ya mwaka 1996 iliurudisha ulinzi huo kwa lugha ya serikali, ikaruhusu jamii kusimamia misitu yake kwa mkataba. Kuanzia 2010 mradi wa hifadhi ya misitu wa HIMA, kwa fedha za Norway na kwa ushirikiano wa CARE na idara ya misitu, ulizisaidia shehia nyingi kuchora mipaka ya misitu yao, kuunda kamati na kuandika sheria ndogo. Matumaini makubwa yaliwekwa kwenye soko la hewa ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na miti, na bei ya bidhaa hiyo duniani ikaporomoka miaka hiyo hiyo. Sioni ajabu kwamba mtu wa doria anayelala msituni bila posho huishia kuchoka.

Mimi naona tulimtafuta mnunuzi mbali mno. Kaboni anainunua mtu wa Oslo asiyepajua Masingini wala Mwera. Maji yanayohifadhiwa na msitu yananywewa hapa hapa, na mnywaji anajulikana kwa jina na namba ya mita. Msitu wa Jozani umeshatuonyesha njia: sehemu ya kiingilio cha watalii wanaokuja kumtazama kima punju hurudi kwa vijiji vinavyouzunguka msitu, na vijiji vikajenga vitu vinavyoonekana. Basi sehemu ndogo ya kila bili ya maji ya mjini, na sehemu kubwa zaidi ya kila chumba cha hoteli, iende moja kwa moja kwa kamati za shehia zenye vianzio vya maji, na hesabu yake isomwe hadharani msikitini na skuli, ili anayepanda na anayelinda alipwe na anayekunywa.

Nayaandika haya nikiwa na langu. Babu yetu, kaka yake bibi, alipewa eka tatu Dole katika ugawaji uliofuata Mapinduzi ya 1964. Shamba lina minazi, midalasini iliyozeeka na mshokishoki ule niliouelezea. Warithi sasa tumefika 17. Mwezi uliopita binamu yangu mmoja alileta mchoro: viwanja 28, na njia ya gari inayopita katikati. Bei aliyotajiwa ni nzuri, na siwezi kumlaumu; ana watoto wanne na anakaa nyumba ya kukodi Amani. Tumekubaliana kukutana tena Ijumaa baada ya sala. Nitakwenda na mchoro wangu mimi: viwanja 8 upande wa barabara kwa wale wasio na nyumba, shamba lililobaki lisikatwe, na binamu zetu wawili wa kike wanaolilima waandikiwe miti yao. Sijui kama watanikubalia. Kitaluni nimeshalipia miche 60 ya midalasini, nayo inasubiri vuli. Na juzi, nilipokwenda Dole, niliufunga mshokishoki kitambaa chekundu kiunoni, mpimaji asije akasema hakuuona.