Mwondoko wa Gari la Fowili kwa Matairi ya Kawaida: Ulinganisho wa Lami ya Mashindano na Mchanga wa Msimbati, Mtwara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kinachotokea katika sekunde mbili au tatu za kwanza pale gari la fowili, yaani gari ambalo magurudumu yake yote manne husukumwa na injini, linapoondoka likiwa na matairi ya kawaida ya barabarani. Mazingira mawili yanalinganishwa: lami kavu ya mashindano ya kasi ya mita 402, na mchanga wa pwani ya Msimbati mkoani Mtwara. Hoja kuu ni kwamba mwondoko huamuliwa zaidi na mshiko wa tairi kuliko nguvu ya injini. Dereva asiyeujua mpaka wa mshiko huo huulipia: kwenye lami kwa klachi na gia boksi, kwenye mchanga kwa gari kukwama huku maji yakijaa.

1. Utangulizi

Afrika Mashariki imelifahamu gari la fowili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kazi: kilimo, utafiti, uwindaji na safari za barabara za udongo. Njia ya pili ni mashindano. Safari Rally, iliyoanza mwaka 1953, ilikuja kutawaliwa na magari ya fowili, na ushindi wa Colin McRae mwaka 1997 akiwa na Subaru Impreza uliliongezea gari hilo sifa katika eneo hili. Leo magari ya aina hiyo yaliyotumika Japani huonekana katika miji mingi ya Tanzania, na mengi yamevaa matairi ya kawaida ya lami.

Katika pwani ya kusini, gari hilohilo hukutana na mtihani mwingine. Kutoka Msimbati kuelekea Ruvula, ndani ya eneo la Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, njia ni ya mchanga, na maji yakipwa magari hupita ufukweni. Imani kwamba fowili haikwami hujaribiwa hapo. Ili kuitathmini imani hiyo, ni lazima kwanza kueleza fowili inafanya nini hasa.

2. Aina za mfumo wa fowili

Mifumo mitatu inahusika. Wa kwanza ni fowili ya kudumu yenye difu ya kati, kama ilivyo katika Impreza nyingi za gia za mkono; magurudumu yote husukumwa wakati wote. Wa pili ni fowili inayojiunga yenyewe: gari husukumwa na magurudumu ya mbele, na ya nyuma huongezwa yale ya mbele yanapoanza kuteleza. Wa tatu ni fowili ya kuunganishwa na dereva, kama ilivyo katika Land Cruiser nyingi za kazi. Mfumo huu wa tatu hauna difu ya kati, hivyo ukiachwa umeunganishwa kwenye lami kavu hubana ekseli wakati wa kukata kona. Kwenye mchanga, ambako matairi huweza kuteleza kidogo, tatizo hilo hupungua sana.

3. Mshiko na uhamaji wa uzito

Tairi haiwezi kulisukuma gari kwa kani inayozidi uzito ulioilalia ukizidishwa kwa kizigeu cha msuguano. Kwa tairi ya kawaida kwenye lami kavu, kizigeu hicho huwa karibu na 0.9. Gari linapoondoka, sehemu ya uzito huhama kutoka mbele kwenda nyuma. Kadiri kitovu cha uzito kinavyokuwa juu na ekseli zinavyokaribiana, ndivyo uhamaji unavyoongezeka.

Chukua mfano wa gari ambalo asilimia 58 ya uzito wake iko mbele, kitovu chake cha uzito kiko sentimita 50 kutoka ardhini, na ekseli zake zimeachana kwa mita 2.52. Likisukumwa na magurudumu ya mbele pekee, mchapuko wa juu unaoruhusiwa na mshiko ni takribani mita 4.3 kwa sekunde kwa sekunde. Likisukumwa na ya nyuma pekee ni takribani 4.5. Likisukumwa na yote manne ni takribani 8.8, kwa kuwa uzito wote unatumika na uhamaji wake haupotezi kitu: unaoondoka mbele unafanya kazi nyuma. Kwa hesabu hiyo, mita 18.3 za kwanza, ambazo waendesha mashindano huzipima peke yake, zitachukua sekunde 2.0 kwa fowili na karibu sekunde 2.9 kwa gari la magurudumu mawili endeshi. Pengo hilo lipo hata kama injini ni ileile.

4. Mwondoko kwenye lami

Faida hiyo ina gharama. Katika gari la magurudumu mawili endeshi, dereva akiachia klachi kwa ghafla, matairi huzunguka bure na kumeza kishindo. Katika fowili matairi hushika, na nishati iliyomo kwenye flaiwili hutafuta pa kwenda: klachi, meno ya gia, propela shafti au ekseli. Ndiyo maana makosa ya mwondoko ni mawili yanayopingana. Kosa la kwanza ni kuondoka kwa mizunguko midogo: injini huzama, tabochaja hukosa msukumo, na muda hupotea. Kosa la pili ni kupandisha mizunguko mingi na kuiachia klachi yote kwa mara moja: kinachovunjika huwa ndani ya gia boksi.

Njia ya kati, kwa injini ndogo yenye tabochaja, ni kushikilia mizunguko kati ya 4,000 na 5,000 kwa dakika, kuachia klachi upesi hadi inapoanza kushika, kuiacha iteleze kwa kitambo kifupi, kisha kuiachia kabisa. Lengo ni matairi yateleze kwa kiasi cha asilimia 10 hadi 20, kwa kuwa hapo ndipo mshiko wa tairi kwenye lami hukaribia kilele. Klachi ikitoa harufu ya kuungua, jaribio linalofuata lisubiri ipoe.

Matairi ya kawaida yana masharti yake. Sehemu yenye maji inayotumiwa na magari ya matairi ya mashindano izungukwe, kwa kuwa mifereji ya tairi ya kawaida hubeba maji hadi kwenye mstari wa kuanzia. Upepo wa tairi ubadilishwe kwa hatua ndogo, na kila badiliko lipimwe kwa muda wa mita 18.3, upepo ukipungua mno, kuta za tairi hulegea na gari huyumba.

5. Mwondoko kwenye mchanga

Ufukweni kanuni ni ileile, lakini namba hubadilika. Kwenye lami, ukinzani wa kuviringika ni mdogo kiasi cha kuweza kupuuzwa. Kwenye mchanga mkavu unaweza kufikia robo ya uzito wa gari. Tuseme ukinzani ni 0.25 na kizigeu cha mshiko wa mchanga ni 0.35. Gari la mfano likisukumwa na magurudumu ya nyuma pekee hupata msukumo wa takribani 0.15 ya uzito wake, hivyo haling'oki. Fowili hupata 0.35, nayo huondoka, ila kwa akiba ya 0.10 tu. Akiba hiyo ndiyo ukweli ulio nyuma ya imani kwamba fowili haikwami, na ndiyo mpaka wake.

Hapa mbinu ya lami huwa hatari. Tairi inayozunguka bure juu ya mchanga huchimba. Shimo huongeza ukinzani, akiba huisha, na tumbo la gari hulala chini huku magurudumu yote manne yakiendelea kuzunguka. Mwondoko sahihi ni wa polepole, kwa gia ya pili au gia nzito, bila kukanyaga mafuta kwa ghafla. Upepo hupunguzwa kutoka pauni 32 kwa inchi ya mraba hadi kati ya 16 na 20 ili tairi ilale na kutandaza uzito, kisha hurejeshwa kabla ya kurudi kwenye lami. Gari liegeshwe likielekea mteremkoni, na lisimamishwe kwa kuachia mafuta badala ya kukanyaga breki, kwa sababu breki hujenga kilima cha mchanga mbele ya tairi.

Muda nao ni sehemu ya hesabu. Mchanga mgumu hupatikana karibu na maji yanapokupwa, na baada ya takribani saa sita maji huwa yamejaa tena. Wakati wa bamvua hupanda juu zaidi. Gari lililozama chini ya alama ya maji kujaa halina nafasi ya majaribio mengi. Kukimbilia juu ya ufuko nako si suluhisho: mchanga huko ni mlaini zaidi, na ni mahali ambapo kasa hutaga mayai.

6. Hitimisho

Fowili haizalishi mshiko. Hugawa kazi kwa mshiko uliopo. Kwenye lami mshiko ni mwingi kiasi cha kuweza kuvunja chuma, hivyo dereva huiacha klachi na tairi zimeze kishindo. Kwenye mchanga wa Msimbati mshiko ni haba, hivyo kila mzunguko wa bure huuharibu zaidi. Dereva anayehama kutoka uwanja mmoja kwenda mwingine bila kubadili mguu wake anakuwa amebadili mahali pa kuharibikiwa tu. Kwa msingi huo, mafunzo ya udereva wa fowili katika mikoa ya pwani yanapaswa kuanza na tairi na ardhi, kisha ndipo yafike kwenye injini.