Kazi za Hatari (Sehemu ya 4): Rubani Aliyefia Niemba

Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyatia mashirika yote ya ndege ya Tanzania katika orodha ya yasiyoruhusiwa kuruka kwenye anga lake. Ya kwetu Kongo yamo humo tangu 2006. Orodha hiyo haipimi ushujaa wa marubani. Inahoji ukaguzi na serikali inayousimamia. Vipindi vya televisheni tulivyovichambua wiki zilizopita hufanya kinyume: hatari vinaifanya tabia ya rubani, kana kwamba amezaliwa nayo.

Mfano wa rubani halisi upo Niemba, hapa kwetu Kongo. Niemba inakumbukwa kwa shambulio la Novemba 1960 lililowaua askari tisa wa Ireland waliokuwa chini ya Umoja wa Mataifa. Wachache wanajua kwamba hapa hapa, tarehe 3 Desemba 1916, alifariki Aimé Behaeghe, rubani wa kwanza wa kijeshi kuruka Afrika ya Kati.

Ilikuwa Vita ya Kwanza ya Dunia, na Waingereza walikuwa wamewapa Wabelgiji, waliotawala Kongo, ndege nne za kutua majini, aina ya Short 827: mbawa za mbao zilizovikwa kitambaa, viti viwili visivyo na paa, maboya mahali pa magurudumu. Hazikuruka kuja huku. Zilisafirishwa kwa meli hadi Matadi, kisha kwa treni na boti kwa zamu mpaka Kabalo, halafu zikashika reli hii inayopita Niemba, iliyokuwa imefika Ziwa Tanganyika, Kalemie, mwaka mmoja tu nyuma. Kambi yao ilikuwa Tungwe, karibu na Mtoa, penye maji tulivu. Kutoka hapo Behaeghe na mwenzake Collignon walivuka Ziwa Tanganyika kwenda kuipiga mabomu Kigoma, ilikokuwa meli ya Wajerumani Graf von Götzen. Mwishoni mwa Julai Wajerumani waliizamisha wenyewe. Ndiyo hiyo iliyoibuliwa baadaye na kuitwa Liemba.

Injini ingezima katikati ya ziwa, nani angewaokoa? Lakini Behaeghe alivuka na kurudi. Kilichomuua ni ugonjwa, akiwa na miaka 26. Kipindi cha leo kingekomea Kigoma, muziki ukipanda. Kisingemfuata mgonjwa hadi Niemba, wala kisingewatazama wapagazi na mafundi walioshusha na kupakia mizigo ile kila reli ilipokoma.

Mfano wa vipindi hivyo ni Ice Pilots NWT. Kiliifuata kampuni ya Buffalo Airways ya Yellowknife, Kanada, kuanzia 2009 hadi 2014, na ndege zake kuukuu za DC-3 zikapendwa duniani kote. Mwaka 2015 serikali ya Kanada iliisimamisha kampuni hiyo kwa muda kwa sababu ya rekodi yake ya usalama. Watazamaji wangapi walielezwa?

Kijana wa Kalemie anayetamani urubani simvunji moyo. Namwomba aulize nani aliikagua ndege, na lini. Na vituo vyetu vimpe fundi nusu saa ileile vinayompa rubani. Sehemu ijayo tutashuka relini, kwa madereva wa treni ya Kabalo.