Chuma Kilichovikwa Zege
Tarehe 14 Agosti 2018, saa 5:36 asubuhi, mvua ikinyesha, mnara namba 9 wa daraja la Polcevera mjini Genova, Italia, uliporomoka pamoja na barabara uliyoibeba. Magari yalianguka kutoka kimo cha mita 45 hivi. Watu 43 walifariki.

Daraja hilo alilibuni mhandisi Riccardo Morandi, likafunguliwa mwaka 1967. Katika daraja la nyaya, uzito wa barabara hupanda kwa nyaya zilizokaa mshazari hadi kileleni mwa mnara, kisha hushuka ardhini kupitia mnara wenyewe. Madaraja ya siku hizi huwa na nyaya nyingi, na mmoja ukichakaa hubadilishwa. Morandi aliupa kila mnara nne tu, nene, akazivika zege.

Vazi hilo halikuwa la urembo. Saruji ina ukali kama wa magadi, nao huumba juu ya chuma utando mwembamba mno unaozuia kutu. Lakini Genova ni mji wa bandari. Upepo wa bahari ulileta chumvi, viwanda vya bondeni vikaongeza moshi. Chumvi ikipenya nyufa hadi kwenye chuma, kloridi yake hutoboa ule utando, na kutu huanza kula. Nyuzi za chuma zilizovutwa kwa nguvu kubwa zikipungua unene, mzigo ni uleule. Moja ikikatika, zilizobaki huelemewa zaidi. Na anayekagua kwa macho haoni ila zege.

Morandi mwenyewe aliandika mwaka 1979 juu ya madhara ya hewa ile. Miaka ya 1990 mnara namba 11 uliongezewa nyaya za chuma kwa nje. Namba 9 haukupata. Wataalamu walioteuliwa na mahakama walikuta kutu kileleni mwa waya wake mmoja wa kusini. Linaloniuma zaidi ni ile hesabu ya nne: waya mmoja ulipokatika, hapakuwa na mwingine wa kuupokea mzigo.

Daraja jipya, wazo la Renzo Piano, mzaliwa wa Genova, lilifunguliwa Agosti 2020. Halina nyaya, limekaa juu ya nguzo 18. Roboti hupita zikilikagua, na ndani ya mwili wake wa chuma mitambo hukausha hewa ili unyevu wenye chumvi usitue.