Wanafunzi Mia Nne wa Shule Kumi: Ukubwa Halisi wa Sampuli katika Utafiti wa Elimu, kwa Mfano wa Akheri na Maeneo Jirani ya Meru

Ikisiri

Makala haya yanafafanua kwa nini idadi ya wanafunzi waliohojiwa au kupimwa katika utafiti wa elimu si lazima iwe ndiyo ukubwa halisi wa sampuli. Kanuni ya Yamane, inayotumiwa sana katika tasnifu zetu, inachukulia kwamba kila mwanafunzi amechaguliwa peke yake kwa bahati nasibu. Watafiti wengi, hata hivyo, huchagua shule kwanza, kisha wanafunzi ndani ya shule hizo. Kwa kutumia hesabu za mfano na mazingira ya kata ya Akheri na maeneo yanayoizunguka, makala yanaonesha kwamba wanafunzi 400 wa shule 10 wanaweza kubeba taarifa inayolingana na ya wanafunzi 45 tu, na kwamba kupuuza jambo hilo kunaweza kuzaa mapendekezo yanayowaumiza walimu na wanafunzi bila ushahidi wa kutosha.

1.0 Utangulizi

Tasnifu nyingi za elimu zina ukurasa unaofanana. Katika sura ya mbinu za utafiti, mtafiti hutaja idadi ya walengwa, huandika kanuni ya Taro Yamane ya mwaka 1967, huweka 0.05 mahali pa kosa linalovumilika, na hupata idadi iliyo chini kidogo ya 400. Aya inayofuata hueleza kwamba, kutokana na ufinyu wa muda na fedha, wanafunzi hao watapatikana katika shule tano, nane au kumi. Aya hizo mbili huwekwa pamoja kana kwamba ya pili haiigusi ya kwanza.

Mapendekezo ya awali ya utafiti wa mwandishi wa makala haya, uliohusu ujifunzaji wa sehemu na desimali katika shule za msingi, yalikuwa na ukurasa huo huo. Kasoro yake haikuonekana katika kukokotoa, kwa kuwa ukokotoaji ulikuwa sahihi. Ilionekana pale mtafiti alipojiuliza swali jepesi: ikiwa wanafunzi 40 wamefundishwa na mwalimu mmoja, katika chumba kimoja, kwa kitabu kile kile kinachopokezanwa, je, wao ni mashahidi 40 au ni shahidi mmoja aliyerudia maneno yake mara 40? Jibu liko katikati ya mawili hayo, na lengo la makala haya ni kuonesha namna ya kulitafuta. Swali hili linahusu hisabati, sayansi ya jamii na elimu kwa pamoja; taaluma moja peke yake hailimalizi.

2.0 Kanuni ya Yamane inasema nini na inanyamazia nini

Kanuni yenyewe ni n = N ÷ (1 + Ne²), ambapo N ni idadi ya walengwa na e ni kosa linalovumilika. Tuchukue mfano wa kubuni wa wanafunzi 6,000. Kwa e ya 0.05, tunapata 6,000 ÷ 16, yaani 375. Walengwa wakiongezeka maradufu na kuwa 12,000, jibu ni 387. Kwa hiyo, kuongezeka kwa walengwa 6,000 kumeongeza sampuli kwa wanafunzi 12 tu. Hata walengwa wakiwa mamilioni, jibu halivuki 400.

Ukomo huo wa 400 si muujiza. Kanuni imejengwa juu ya mambo matatu ambayo mara nyingi hayatajwi katika tasnifu. Kwanza, inakadiria uwiano, kwa mfano sehemu ya wanafunzi wanaoweza kujumlisha ½ na ⅓. Haikuundwa kwa ajili ya kulinganisha makundi wala kupima uhusiano wa vigeu vingi. Pili, inachukulia hali mbaya zaidi, yaani uwiano wa 0.5, pamoja na kiwango cha uaminifu cha takribani asilimia 95. Tatu, na hili ndilo kiini cha makala haya, inachukulia sampuli nasibu sahili: kila mwanafunzi kati ya wale 6,000 awe na nafasi sawa ya kuchaguliwa, na kuchaguliwa kwake kusitegemee kuchaguliwa kwa mwingine.

Sharti hilo la tatu huvunjika pindi mtafiti anapochagua shule kwanza. Mwanafunzi akiingia katika sampuli kwa sababu shule yake imechaguliwa, wenzake wa shule hiyo nao wamekwisha kukaribia kuingia. Sampuli ya aina hii huitwa sampuli ya makundi, na baadhi ya waandishi huiita sampuli ya vishada. Ni mbinu halali, na mara nyingi ndiyo pekee inayowezekana. Kosa ni kuichagua mbinu hii, kisha kuihesabia kwa kanuni ya mbinu nyingine.

3.0 Kwa nini wanafunzi wa shule moja hufanana

Mnunuzi wa ndizi katika soko la Tengeru analielewa jambo hili bila kanuni. Akitaka kujua ubora wa ndizi zilizoshushwa kutoka lori zima, hatamenya ndizi 40 za mkungu mmoja. Mkungu mmoja umetoka katika mgomba mmoja, umelishwa na udongo mmoja na kukatwa siku moja. Ndizi ya kwanza humweleza mengi, ya pili humwongezea kidogo, na ya arobaini haimwongezei karibu chochote. Ataonja ndizi mojamoja kutoka mikungu mingi.

Shule nazo zina udongo wake. Akheri iko katika miteremko ya kusini ya Mlima Meru, eneo la migomba na kahawa lenye makazi ya karibukaribu, ambako watoto wengi husikia Kimeru nyumbani. Ukishuka hadi Tengeru na Usa River, soko, barabara kuu na mashamba makubwa vimekusanya watu wa makabila mengi, na Kiswahili huanza mapema zaidi kinywani mwa mtoto. Jirani kuna vyuo kadhaa, kikiwamo chuo cha ualimu wa elimu maalumu cha Patandi, Taasisi ya Maendeleo ya Jamii Tengeru na Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela; watoto wa watumishi wake husoma katika shule za karibu. Ukiendelea kushuka kwenye tambarare kavu zaidi, utakuta kilimo cha mahindi na ufugaji, na watoto wanaotembea umbali mrefu kwenda shule.

Tofauti hizo zina historia. Tangu enzi ya Wajerumani, mashamba ya walowezi yalichukua sehemu kubwa ya ardhi ya chini kuuzunguka mlima, na Wameru wakabanwa miteremkoni. Mwaka 1951 serikali ya Kiingereza iliwahamisha kwa nguvu wananchi wa Engare Nanyuki, na mwaka 1952 Kirilo Japhet alipeleka malalamiko ya Wameru mbele ya Umoja wa Mataifa huko New York. Nani aliishi wapi, kwa ardhi kiasi gani, si jambo lililotokea kwa bahati nasibu. Kwa hiyo, mtafiti anayechagua shule anachagua pia kipande cha historia hiyo, na watoto wote wa shule hiyo wanakuja nacho.

Juu ya mazingira hayo kuna shule yenyewe. Mwalimu wa hisabati anayefafanua vizuri huinua darasa zima. Nafasi yake ikibaki wazi kwa muhula mzima, darasa zima hushuka. Sayansi ya jamii na elimu, basi, zinatupa sababu za ufanano. Kazi ya hisabati ni kuupima.

4.0 Kuupima ufanano

Ufanano wa wanafunzi ndani ya shule hupimwa kwa mgawo ambao makala haya yatauita mgawo wa ufanano, nao huandikwa kwa herufi ya Kigiriki ρ. Mgawo huu ni sehemu ya tofauti zote za alama inayotokana na tofauti baina ya shule. Ukiwa 0, shule hazitofautiani zenyewe kwa zenyewe, na kujua shule ya mtoto hakutuambii lolote kuhusu alama zake. Ukiwa 1, watoto wote wa shule moja wana alama sawa.

Mwanatakwimu Leslie Kish, katika kitabu chake cha mwaka 1965 kuhusu usampulishaji, aliueneza mtazamo wa athari ya muundo wa sampuli. Ikiwa kila shule imetoa wanafunzi m, athari hiyo ni takribani 1 + (m − 1)ρ. Ukubwa halisi wa sampuli hupatikana kwa kugawanya idadi ya wanafunzi kwa athari hiyo.

Tuchukue wanafunzi 400, yaani 40 kutoka kila shule kati ya shule 10. Ikiwa ρ ni 0, athari ni 1, na ukubwa halisi ni 400. Ikiwa ρ ni 1, athari ni 40, na ukubwa halisi ni 10, yaani idadi ya shule. Hii ndiyo mipaka miwili ya swali la shahidi mmoja au mashahidi 40. Ikiwa ρ ni 0.05, athari ni 2.95, na ukubwa halisi ni takribani 136. Ikiwa ρ ni 0.2, thamani isiyo ya ajabu kwa alama za majaribio ya shuleni, athari ni 8.8, na ukubwa halisi ni takribani 45. Kosa lililoahidiwa kuwa asilimia 5 limekuwa karibu asilimia 15.

Mtafiti anaweza kudhani kwamba dawa ni kuongeza wanafunzi. Achukue basi 100 kutoka kila shule kati ya zile zile 10, awe na wanafunzi 1,000. Kwa ρ ya 0.2, athari inakuwa 20.8, na ukubwa halisi ni 48. Wanafunzi 600 walioongezwa wameleta taarifa ya wanafunzi watatu. Hata akiwapima wanafunzi bila kikomo katika shule hizo, hawezi kuvuka 50, kwa kuwa ukomo ni idadi ya shule ikigawanywa kwa ρ. Kinyume chake, akichukua wanafunzi 10 tu kutoka kila shule kati ya shule 40, ana wanafunzi 400 kama mwanzo, lakini athari ni 2.8 na ukubwa halisi ni 143. Idadi ya karatasi za majaribio ni ile ile; kilichobadilika ni mikungu iliyoonjwa.

5.0 Madhara ya kupuuza athari hii

Madhara makubwa huonekana katika ulinganisho. Tuseme shule tano ni za mlimani na tano ni za tambarare, kila upande una wanafunzi 200, na asilimia 56 ya wanafunzi wa upande mmoja wamefaulu jaribio dhidi ya asilimia 44 ya upande wa pili. Programu ya takwimu ikipewa data hizo kama sampuli nasibu sahili, itakuta kosa sanifu la asilimia 5 hivi. Tofauti ya asilimia 12 ni mara 2.4 ya kosa hilo, na mtafiti ataandika kwamba tofauti ni bayana kitakwimu. Akizingatia ρ ya 0.2, kosa sanifu linakua hadi karibu asilimia 15. Tofauti ile ile sasa haifikii hata kosa sanifu moja. Inaweza kuwa imeletwa na mwalimu mmoja hodari aliyeko upande huu badala ya ule.

Mtafiti wa kwanza ataandika katika sura ya mwisho kwamba walimu wa upande fulani wapewe mafunzo upya, au kwamba lugha ya nyumbani ndiyo kikwazo cha hisabati. Mapendekezo ya namna hiyo husomwa na maofisa elimu, hunukuliwa na watafiti wengine, na hatimaye hurudi shuleni yakiwa lawama. Mwalimu mkuu aliyefungua ofisi yake, akasimamisha kipindi na kuwaketisha watoto kwa ajili ya utafiti, hastahili kulipwa hitimisho ambalo data hazikulitoa.

Njia bora si ngeni katika ukanda wetu. SACMEQ, umoja wa nchi za kusini na mashariki mwa Afrika unaopima ubora wa elimu, ambao Tanzania ni mshiriki, ulipanga sampuli zake za darasa la sita kwa kuanza na ukubwa halisi. Kila nchi ilitakiwa kuwa na sampuli yenye usahihi usiopungua ule wa wanafunzi 400 waliochaguliwa kwa unasibu sahili. Namba ni ile ile 400, lakini imewekwa mahali pake.

6.0 Mtafiti mwenye fedha kidogo afanye nini

Mwanafunzi wa uzamivu hana bajeti ya umoja wa nchi. Nauli za daladala na bodaboda, barabara za miteremko zinazoteleza wakati wa masika, na vibali vinavyochukua wiki kadhaa ni mipaka halisi. Hata hivyo, mambo manne yako ndani ya uwezo wake.

Kwanza, aongeze shule na apunguze wanafunzi katika kila shule. Siku moja ya ziada katika shule mpya ina thamani kuliko siku ya pili katika shule ile ile. Pili, aripoti ρ aliyoipata, ili mtafiti ajaye apange sampuli yake kwa ushahidi badala ya kubahatisha. Tatu, achanganue data kwa njia inayoheshimu ngazi mbili, ya mwanafunzi na ya shule. Mahali ambapo kielelezo cha ngazi nyingi hakiwezekani, kulinganisha wastani wa kila shule ni njia ya kawaida lakini yenye uaminifu: namba 10, si 400. Nne, akiwa na shule tatu au nne tu, aseme waziwazi kwamba anafanya uchunguzi kifani, atumie ushuhudiaji na usaili wa kina, na asiazime lugha ya ujumlishaji ambayo sampuli yake haiwezi kuibeba. Uchunguzi kifani mzuri wa shule tatu unaeleza namna mtoto anavyokosea sehemu. Hilo ni jambo ambalo sampuli ya shule 100 haiwezi kulisema.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kwamba ukubwa wa sampuli haupatikani kwa kuhesabu vichwa pekee. Unategemea pia jinsi watu hao walivyokusanyika kabla mtafiti hajafika, na mkusanyiko huo ni suala la historia, uchumi na ufundishaji. Inapendekezwa kwamba watahini na wasimamizi, wanapokutana na kanuni ya Yamane katika tasnifu, waulize maswali mawili: shule ni ngapi, na wanafunzi wa shule moja wanafanana kwa kiasi gani? Mtafiti mwenye majibu ya maswali hayo ataandika hitimisho dogo kuliko alivyotarajia, lakini ataweza kulirudisha Akheri na kulisoma mbele ya walimu waliompokea bila kusita.